Mgeni, Usipite Tu

Ukimwambia mtu wa mbali kwamba wewe ni mtu wa Tanganyika, mara nyingi atakusahihisha. Atasema, "Nchi hiyo ilikwisha zamani, sasa yaitwa Tanzania." Ndipo itakulazimu kumweleza kwamba liko ziwa la jina hilo, na upande wake wa magharibi, katika Kongo, liko jimbo la serikali liitwalo vilevile Tanganyika tangu 2015, Katanga ya kale ilipogawanywa sehemu nne. Mji wake mkuu ni Kalemie, ule ulioitwa Albertville wakati wa Wabelgiji. Ukiisha kusema hayo yote, mwenzako atakuuliza neno moja tu: "Na huko kuna nini?"

Swali hilo si baya likitoka kwa mgeni. Lakini siku hizi nalisikia hata vinywani mwa watoto wetu wenyewe, na hapo ndipo linaponichoma. Ndiyo sababu leo nashika kalamu.

Mpwa wangu mmoja, kijana aliyelelewa Lubumbashi, alikuja kwetu kukaa siku chache. Siku ya kwanza, tulipokuwa tumekaa barazani, akaniuliza, "Mjomba, kesho tutakwenda kuona nini? Maana huku sijaona kitu." Nyuma yake ziwa lilikuwa linang'aa mpaka mwisho wa macho. Sikumkaripia. Nilimwambia tu, "Amka mapema."

Asubuhi tulikwenda kwa miguu mpaka mahali mto Lukuga unapoliacha ziwa. Nikamwambia asimame atazame. Ziwa letu lina urefu wa kilometa kama 670, na vilindi vyake vyafika karibu meta 1,470. Katika dunia nzima ni ziwa moja tu linalolipita kwa kina, nalo ni Baikal la Siberia. Nchi nne hunywa maji yake: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Mito mingi huingia ndani yake, lakini mto unaotoka ni mmoja tu, nao watoka hapa Kalemie. Maji mengi ya ziwa hupaa hewani kwa nguvu ya jua. Yale yanayopata njia ya kuondoka hupita mlango huu mmoja, huenda magharibi hata Lualaba, na Lualaba ndio mto Kongo, nao hufika Bahari ya Atlantiki.

Wasafiri wa Ulaya walibishana sana juu ya mto huu. Mwingereza Cameron alifika hapa 1874 akasema kwamba maji ya ziwa yatokea hapa. Stanley akaja 1876, akakuta mafunjo na matope yamefunga njia, akasema kwamba bado hayatoki. Baadaye maji ya ziwa yakapanda, yakakisukuma kile kizuizi, na Thomson alipofika 1879 akauona mto wapita kwa nguvu. Kumbe kila mmoja alikuwa amesema kweli kwa siku yake. Nilimweleza kijana mambo hayo, naye akaokota kijiti akakitupa majini. Akauliza, "Mjomba, kitafika lini baharini?" Nikamjibu, "Siku sijui, mwanangu, lakini njia kinaijua." Akacheka, lakini akasimama pale muda mrefu akikifuata kwa macho.

Usiku ule hapakuwa na mwezi. Wavuvi walitoka na mitumbwi yao wakawasha taa juu ya maji, maana ndakala hufuata mwanga. Ukisimama mlimani saa ile waona kama mji mwingine umezuka juu ya ziwa, mkubwa kupita huu wetu wa nchi kavu. Alfajiri akina mama wanangoja ufukweni, wananunua, wanaanika, na jua likipanda mchanga wote umekuwa fedha. Mchana tulikula bukari na migebuka, pamoja na sombe. Kijana hakuniuliza tena kuna nini. Aliniuliza swali jingine lililo gumu zaidi: "Mjomba, mbona hakuna mtu aliyeniambia?"

Swali hilo limenifanya nifikiri sana. Kwa nini nchi yetu hupitwa? Naona sababu ni hii: tangu zamani, wengi waliokuja kwetu walikuja na jambo lingine moyoni. Nchi yetu ilikuwa mlango, na mlango hautazamwi na mtu. Watu hutazama chumba kilicho nyuma yake.

Misafara ya pembe na ya watumwa ilipita hapa kwenda Ujiji, na kutoka Ujiji kwenda pwani. Mwishoni mwa 1891 Kapteni Jacques alikuja kupigana na wafanya biashara wa watumwa, akajenga boma akaliita Albertville kwa heshima ya Albert, aliyekuwa mfalme wa Wabelgiji baadaye. Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ilifika ziwani, na hamu ya wenye reli ilikuwa mali na madini ya bara. Mwaka uo huo Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kwa meli, kwa gari la moshi, na kwa kukokotwa msituni kutoka kusini. Siku ya pili ya Noeli zikatoka hapa kwetu zikaiteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani. Na Februari 9, 1916, ikazamishwa nyingine, Hedwig von Wissmann. Vita vilipokwisha, askari wakaenda zao. Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma, na mwezi wa Juni wapiganaji wake wakaishambulia kambi ya Bendera, kaskazini ya Kalemie, penye maporomoko yanayotupa umeme. Kabla mwaka haujakwisha alikuwa amekwisha kuondoka.

Wengine walipita wakachukua. Mwezi wa Desemba 1884 watu wa Kapteni Storms, Mbelgiji, walimwua mtemi Lusinga katika nchi ya Watabwa. Lusinga hakuwa mpole. Alihesabiwa kuwa mtekaji wa watu. Hata hivyo kichwa cha mtu si kitu cha kubeba safarini. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji, na sanamu ya wahenga wake ikafika nyumba ya makumbusho ya Tervuren. Vivyo hivyo sanamu nzuri za Wahemba wa Kongolo na za Waluba zasifiwa sana katika miji ya Ulaya, nao wazisifuo hawajui njia ya kufika Kongolo.

Hata samaki wetu wametutangulia kusafiri. Katika ziwa letu mna aina kama 250 za samaki wadogo wa mawe, nao karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani. Huko Ujerumani na Marekani watu huwafuga nyumbani mwao katika masanduku ya kioo. Yuko mmoja mwenye milia na kinundu kichwani ambaye huuzwa huko kwa jina la Moba. Fikiri, ndugu msomaji! Mtu wa mbali alijua jina la Moba kwa sababu ya samaki, lakini watu wa Moba hajui wanaishije.

Lakini si wote waliopita. Wako waliokaa, na kwa sababu walikaa, sisi tu Wakristo leo. Storms alijenga boma lake Mpala, kusini ya Kalemie, mwaka 1883. Miaka miwili baadaye boma hilo lilikabidhiwa Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadri Weupe, wana wa Kardinali Lavigerie. Kapteni Joubert, aliyekuwa zamani askari wa Baba Mtakatifu, aliwafuata ili kuwalinda watu waliokimbilia misioni wasikamatwe na kuuzwa. Alioa mke wa nchi hii, Agnes Atakao, akazaa watoto, akalima, akazeeka, akafa huku kwetu mwaka 1927. Padri Victor Roelens, aliyekuwa askofu baadaye, alianzisha mwaka 1893 misioni ya Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo, juu mlimani nyuma ya Moba. Naye alifia huko 1947.

Na hapa Kirungu ndipo yalipotokea mambo ambayo kila mtoto wa Kongo yampasa kuyajua. Julai 21, 1917, Askofu Roelens alimpa daraja takatifu Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu, aliyesoma seminari tangu Mpala. Yeye ndiye padri mzalendo wa kwanza wa Kongo ya siku hizi mpya. Katika nchi hii kubwa yenye maaskofu na mapadri wengi, wa kwanza alitoka katika vilima vyetu, ambavyo watu husema havina kitu. Alifariki mwaka 1951.

Nilikwenda Mpala pamoja na vijana wa parokia yetu, kwa mashua, tukifuata pwani. Baadhi yao hawakuwa wamelisikia jina la Kaoze isipokuwa kama jina la shule au la njia. Tulipofika tulisali kanisani, tukaimba, tukatembea tukisalimu watu. Bibi mmoja mzee alitupokea nyumbani mwake. Tulikuwa wengi kupita chungu chake, lakini alitugawia wote, kila mtu tonge lake. Kijana mmoja akamwuliza kama wageni wengi hufika. Bibi akajibu, "Mashua nyingi hupita mbele yetu usiku, twaona taa zao. Ninyi mmeshuka."

Neno hilo sijalisahau. Twashukuru kwa mahubiri mengi tunayosikia, lakini hilo lilikuwa hubiri fupi, nalo lilitutosha mpaka tuliporudi.

Ningeweza kusema pia juu ya uwanda wa Marungu, ulio juu kupita meta 2,000, wenye baridi na majani mazuri ya ng'ombe, na chozi wake, yule ndege mdogo mnyonya maua anayeishi huko peke yake. Ningeweza kusema juu ya msitu wa mlima Kabobo, kaskazini, penye sokwe na ndege wasiojulikana kwingine. Tangu 2016 umewekwa kuwa hifadhi. Lakini ukurasa una mwisho, na kazi ya Mungu husifiwa vema zaidi na yule aliyekwenda kuiona.

Sasa sitaki kumdanganya mgeni. Mwenyeji mwema humwonyesha mgeni hata shimo lililo njiani. Barabara zetu ni mbaya, na masika huzifanya mbaya zaidi. Gari la moshi halina haraka. Ziwa lina dhoruba, na mashua zapakiwa kupita kiasi: Desemba 2014 meli Mutambala ilizama, wakafa watu zaidi ya 100. Katika sehemu za Nyunzu, Kabalo na Manono, tangu 2013, ulikuwako ugomvi mkali kati ya Batwa na Waluba. Vijiji vilichomwa, na mwaka 2017 makambi ya waliokimbia yaliuzunguka mji wa Kalemie. Kongolo, siku ya Mwaka Mpya 1962, askari waliwaua wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu. Na miaka hii ya karibuni ziwa limepanda likaingia nyumbani mwa watu; hasa 2024 wengi walihama ufuko. Yampasa mgeni kuuliza kwanza njia ipi ina amani na mashua ipi ni nzima, wala asiwaonee haya wenyeji kwa kuuliza.

Huenda mtu akasema: watu wenye taabu nyingi hivi, wageni wa nini? Wangoje kwanza barabara, wangoje umeme, ndipo waite watu. Mimi naona kinyume. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mahali pasipotembelewa huharibika pasipo mtu kujua. Daraja likivunjika, nani atapiga kelele? Kijiji kikichomwa, nani atakumbuka kwamba palikuwa na kijiji? Lakini mtu aliyekula kwako, aliyelala kwako, akisikia jina la mahali pako redioni, atainua kichwa. Atauliza, "Yule bibi wa Mpala, hajambo?" Hapo nchi yako imekwisha kutoka katika ramani ikaingia moyoni mwa mtu. Fedha anayoacha mgeni ni nzuri, nayo humfaa mwenye mashua, na mama muuza samaki, na kijana anayepakia watu kwenye kinga yake. Lakini kukumbukwa ni kuzuri zaidi, na hakununuliwi.

Tena tusiseme kwamba hatujui kupokea wageni. Mwaka 2025, vita vya Kivu vilipowafukuza watu, wako walioshuka bandarini kwetu na mafurushi kichwani na watoto mgongoni. Bwana wetu alijihesabu miongoni mwa wageni, wale wanaokaribishwa na wale wanaofungiwa mlango. Nasi tutaulizwa juu ya wote. Nyumba iliyozoea kumpokea mkimbizi haiwezi kushindwa kumpokea mtalii.

Basi nina maneno mawili mafupi ya kufaa.

La kwanza ni kwako mgeni, uwe umetoka Lubumbashi, Kigoma, Bujumbura au Ulaya. Usije kwa haraka, maana nchi yetu haionyeshi mambo yake kwa mtu mwenye haraka. Salimu kwanza, kisha uliza, kisha ndipo upige picha. Nenda Lukuga asubuhi, keti ufukweni usiku usio na mwezi, nenda Mpala, panda Kirungu. Kula tunachokula. Usichukue kitu ambacho hukupewa. Tumekwisha kuchukuliwa vya kutosha.

La pili ni kwetu wenyeji, nalo ni zito zaidi. Tuanze sisi kutembea katika nchi yetu. Ni aibu kijana wa Kalemie kuyajua majina ya wachezaji wote wa mpira wa Ulaya asijue Kaoze alikuwa nani. Walimu, katekista na wakubwa wa vyama katika parokia wanaweza kuwaongoza vijana, hata mara moja kwa mwaka, waende mahali fulani pa kale kusali na kusikiliza. Wazee waulizwe mambo wanayoyakumbuka, nayo yaandikwe katika daftari, maana mzee akifa huenda na chumba kizima. Ufuko wetu tusiufanye jaa. Na bei tunayomtajia mgeni iwe ile ile tunayomtajia jirani, kwa sababu mgeni aliyepunjwa hutoa habari mbali kupita aliyekaribishwa.

Katika Injili twasoma habari za wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau jioni. Msafiri aliyefuatana nao alifanya kama anataka kuendelea mbele. Wangaliweza kumwacha apite, wala hakuna mtu ambaye angaliwalaumu, maana walikuwa wamechoka na mioyo yao ilikuwa mizito. Lakini walimsihi akae. Hawakuwa na karamu, walikuwa na mkate tu, na katika kuumega mkate huo macho yao yakafumbuliwa.

Sisi nasi hatuna karamu. Tuna ziwa, mto mmoja, vilima, makaburi ya watakatifu wetu, na ndakala waliokaushwa juani. Tumsihi mgeni akae. Na kabla ya kumsihi, kila mmoja wetu ajiulize kama yeye mwenyewe amewahi kushuka katika mashua.